Picha za zamani za Mwanza: kuzisoma, kuzinakili na kuzitunza zisipotee na habari zake

Picha nyingi za zamani za Mwanza haziko kwenye jumba lolote la makumbusho. Ziko Kirumba, Igogo, Pamba, Nyakato, Sengerema na Ukerewe, ndani ya masanduku ya bati, juu ya kabati, na kwenye albamu za harusi ambazo kurasa zake zimegandana. Ukungu na mchwa wanazila, kweli, lakini kinachoziua mapema zaidi ni kuondoka kwa mtu mmoja aliyebaki ambaye angeweza kusema huyu ni nani, mtoto wa nani, na hapo ni wapi. Karatasi iliyochanika inaweza kutengenezwa miaka ishirini ijayo. Jina likishapotea halitengenezwi.

Kwa hiyo utaratibu wa kazi una maana kubwa. Kwanza andika unachojua na unachoambiwa. Pili nakili picha. Tatu hifadhi ile halisi. Kuipaka rangi kwa programu, kuondoa mikwaruzo na kuing'arisha sura kuje mwisho kabisa, tena kwenye nakala tu. Wengi huanza na hilo la mwisho, wakapata picha inayopendeza isiyo na habari.

Kabla ya kugusa

Tandika shuka jeupe, safi na kavu, juu ya meza. Nawa mikono kwa sabuni, kausha vizuri, usijipake mafuta. Shika picha kwenye kingo, kamwe si usoni, kwa sababu jasho na mafuta ya kidole huingia kwenye gelatini, lile tabaka jembamba linalobeba sura, na baada ya miaka alama ya kidole hutokea ikiwa ya kahawia na haifutiki. Glavu za pamba zinafaa kwa negativu. Kwa picha za karatasi zenye kingo zilizokatika, mikono mitupu iliyo safi ni salama zaidi, maana nyuzi za glavu hunasa kwenye mipasuko na kuirefusha.

Kama picha ziko kwenye albamu, piga picha kila ukurasa mzima kwa simu kabla hujatoa hata moja. Mpangilio wa albamu ni ushahidi. Picha isiyo na maandishi iliyobandikwa kati ya mbili za sherehe moja huenda ni ya siku hiyohiyo, na ukishaichomoa, ushahidi huo umekwisha.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiivute. Unyevu umelainisha gelatini ikashikana na kioo, na ukivuta, sura za watu zitabaki kwenye kioo. Inakili hivyohivyo kupitia kioo. Albamu za kurasa zenye gundi na nailoni ya kufunika, zile zilizoenea kuanzia miaka ya 1970, ni mbaya kuliko albamu za zamani za karatasi nyeusi: gundi huingia kwenye picha na nailoni hutoa kemikali. Zikiwa bado zinaachia, pitisha uzi mwembamba wa kusafishia meno kati ya picha na ukurasa, polepole, ukianzia kwenye pembe. Zikikataa, ziache.

Usitumie selotepu. Usipige picha halisi laminesheni; joto la mashine na gundi yake haviondoki tena, na wapo wazee waliopewa ushauri huo kwa nia njema wakapoteza picha ya pekee ya mzazi wao. Usifute kwa kitambaa chenye maji. Na usiandike nyuma kwa kalamu ya wino: ncha yake hutoboa hadi upande wa mbele, na wino huhamia kwenye picha iliyo chini.

Isome karatasi kwanza

Geuza picha. Watu hukimbilia sura, lakini nyuma ndiko kwenye muhuri wa studio, jina la kampuni ya karatasi, mwandiko wa penseli, na wakati mwingine salamu nzima. Kwenye muhuri, angalia jina la nchi. Palipoandikwa "Muansa" au "Deutsch-Ostafrika" ni enzi ya Wajerumani, ambao waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892 na kuondolewa na Waingereza Julai 1916. "Tanganyika Territory" ni baada ya 1920. "Tanganyika" peke yake huenda hadi 1964. Jina Tanzania lilianza kutumika rasmi Oktoba 1964, kwa hiyo muhuri wenye neno hilo hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Ila kumbuka wenye studio hawakutupa mihuri yao siku serikali ilipobadili jina. Muhuri wa zamani unaweza kuendelea kugongwa miaka miwili mitatu.

Pasa karatasi kwa kidole upande wa nyuma. Ikiwa ni karatasi kweli, yenye kukwaruza kidogo na inayopenda kujikunja, ni ya aina ya zamani. Ikiwa inateleza kama plastiki na imelala sawa, ina tabaka la plastiki pande zote mbili. Karatasi hiyo ilianza kwa picha za rangi mwishoni mwa miaka ya 1960 na kwa nyeusi na nyeupe mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ukikuta nyuma pameandikwa Agfa-Gevaert, ujue kampuni hizo mbili ziliungana 1964, hivyo karatasi haiwezi kuwa ya mapema zaidi. Kingo zilizokatwa kwa mawimbi ni za kati ya miaka ya 1930 na 1960. Picha za mraba za kawaida zilienea baada ya kamera ndogo za Instamatic kutoka mwaka 1963. Tarehe ya rangi ya chungwa iliyochapwa kwenye pembe ya picha ni ya mwisho wa miaka ya 1980 na kuendelea, na isiaminiwe moja kwa moja, maana wenye kamera wengi hawakuwahi kuseti saa yake.

Rangi nayo inasema. Picha za rangi za miaka ya 1970 zilizokaa gizani kwenye sanduku mara nyingi zimekuwa nyekundu-nyekundu, kwa sababu rangi ya samawati ndiyo iliyokuwa dhaifu kwenye karatasi za wakati huo. Picha nyeusi na nyeupe yenye mng'ao wa kifedha kama kioo kwenye sehemu za giza, hasa kingoni, imeshambuliwa na hewa na unyevu. Mng'ao huo usiusugue. Hauna dawa ya nyumbani.

Hapa pana mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Karatasi inakuambia picha ilisafishwa lini, haikuambii ilipigwa lini. Familia nyingi zilipeleka picha ya zamani studio ikapigwa upya ili ikuzwe, hasa kwa ajili ya msiba au kumbukumbu ya arobaini. Namna ya kuitambua ni hii: inamisha picha kwenye mwanga wa dirisha, utafute mpasuko au mkunjo unaoonekana kwenye sura. Pitisha ukucha juu yake kwa wepesi sana. Mkunjo ukionekana lakini ukucha haukwami popote, basi huo ni mkunjo wa picha nyingine, ile ya kwanza, uliopigwa pamoja na sura. Karatasi ya 1975 inaweza kuwa imebeba uso wa 1940. Hapo uliza ndugu wengine wa ukoo, kwani ile ya kwanza huenda bado iko kwa mmoja wao.

Negativu zina hatari yake. Za zamani sana, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, zinaweza kuwa za nitrati, plastiki inayoshika moto kwa urahisi na kuwaka hata bila hewa ya kutosha. Angalia ukingo: zilizoandikwa SAFETY si za nitrati. Usizijaribu kwa kiberiti. Zikiwa zinanata, zimekuwa njano na zina harufu kali, zitenge kwenye bahasha ya karatasi, mbali na jiko na mbali na picha nyingine, uzinakili mapema. Zile zenye harufu ya siki ni za asetati inayooza. Hazilipuki, lakini mvuke wake huambukiza negativu za jirani, kwa hiyo nazo zitengwe.

Ziwa, mawe na meli

Mwanza ina bahati ambayo miji mingi haina: mawe yake hayahami. Nyumba hubomolewa, barabara hupanuliwa, miti hukatwa, lakini miamba ya Kapripointi, ya Bugando na ya Kirumba iko palepale. Ndiyo maana picha ya nje ya Mwanza inaweza kupatiwa mahali ilipopigwa kwa uhakika wa hatua chache.

Fanya hivi. Kwenye picha chagua miamba miwili, mmoja wa karibu na mmoja wa mbali, ambayo mmoja umeziba sehemu ya mwingine. Nenda eneo unalolikisia ukiwa na nakala mkononi. Sogea kushoto au kulia hadi jiwe la mbele lizibe la nyuma kwa kiasi kilekile. Sasa umepata mstari ambao mpiga picha alisimama juu yake. Kisha chagua jozi ya pili, upande mwingine wa picha, utembee mbele au nyuma ukifuata ule mstari wa kwanza hadi jozi ya pili nayo ikae sawa. Hapo ndipo aliposimama. Majengo mapya yakiziba, tumia ukingo wa kilima dhidi ya anga badala ya jiwe la mbali. Piga picha ya leo kutoka hapohapo, uandike tarehe, uiweke pamoja na ile ya zamani.

Maji yenyewe hutoa mwaka. Kuanzia mwisho wa 1961 hadi katikati ya 1964, Ziwa Victoria lilipanda karibu mita mbili na nusu kutokana na mvua kubwa. Sehemu za ufukwe zilizokuwa nchi kavu zilifunikwa. Ukiwa na picha ya Jiwe la Bismarck karibu na kivuko cha Kamanga, hesabu mawe madogo yanayoonekana kulizunguka chini: yakionekana mengi kuliko yale ambayo mtu yeyote ameyaona tangu miaka ya sitini, yaelekea picha ni ya kabla ya mafuriko hayo. Sema "yaelekea" tu, kwa sababu mwaka 2006 nao maji yalishuka sana, kabla ya kupanda tena sana kufikia Mei 2020. Hapo aina ya karatasi itakuamulia.

Viumbe vya ziwani pia. Magugumaji hayakuwepo huku kwetu kabla ya mwisho wa miaka ya 1980. Sangara wakubwa waliolazwa kwa wingi mwaloni ni dalili ya miaka ya 1980 na kuendelea. Aliingizwa ziwani mapema zaidi, lakini ndipo alipofurika.

Kwa vyombo vya usafiri tafuta maandishi kwa kioo cha kukuzia. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928, basi treni ikiwa pichani huna haja ya kufikiria mwaka wa nyuma yake. Herufi EAR&H kwenye behewa, kreni au meli ni za kati ya 1948 na 1969, wakati reli na bandari za Afrika Mashariki zilipokuwa shirika moja. Baada ya jumuiya kuvunjika 1977, reli ya kwetu ikawa TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania. Meli ya Victoria ilianza safari 1961, nayo kwenye picha za mwanzo inasomeka RMS Victoria kabla ya kuitwa MV. Ikiandikwa "Hapa Kazi Tu" ni baada ya ukarabati wake uliokamilika 2020. Jengo kubwa la hospitali juu ya kilima cha Bugando, lililofunguliwa 1971, ni alama nyingine nzuri: kilima kikiwa kitupu, umepata mwaka wa juu kabisa ambao picha haiwezi kuuvuka.

Bendera hata kwenye picha isiyo na rangi inasomeka. Mistari ikilala, ni Tanganyika ya 1961 hadi 1964 au ni ya TANU. Mstari ukikata mshazari, ni ya Tanzania.

Mavazi hukupa muongo, hayakupi mwaka. Bugaluu na viatu vya raizoni ni miaka ya 1970. Kaunda suti ilivaliwa muda mrefu mno kutegemewa. Kanga ni bora zaidi: kuza nakala hadi uweze kusoma jina lake, maana zipo zilizochapwa kwa ajili ya tukio fulani, la chama, la sherehe au la mgeni wa taifa. Na kama maandishi ya kanga au ya kibao yanasomeka kinyume, picha ilisafishwa negativu ikiwa imegeuzwa. Rekebisha nakala kabla hujaandika nani yuko kulia na nani kushoto.

Kivuli kinaweza kukupa hata msimu. Jua la Mwanza hufika juu kabisa karibu saa saba kasorobo, si saa sita kamili. Wakati huo mwezi Juni kivuli huangukia kusini, na urefu wake ni karibu nusu ya kimo cha mtu. Desemba huangukia kaskazini na huwa kifupi zaidi. Ukishajua mpiga picha alielekea wapi, kwa ile njia ya mawe, umejua na nusu ya mwaka.

Kumhoji mzee

Usimpelekee picha halisi. Mpelekee nakala iliyokuzwa hadi ukubwa wa karatasi ya A4, isiyong'aa, kwani picha ya sentimita sita kwa tisa haionekani kwa macho ya miaka themanini. Toa nakala mbili: moja ya kumwachia, nyingine ya kuandikia namba juu ya kila kichwa.

Nenda asubuhi, akiwa hajachoka. Salimia ipasavyo, shikamoo yako ije kabla ya simu na daftari. Usukumani ukianza na "mwangaluka" mazungumzo hufunguka yenyewe. Eleza unachofanya na picha itakwenda wapi, umwombe ruhusa ya kurekodi. Weka simu kwenye hali ya ndege, juu ya kitambaa kilichokunjwa, umbali wa kama sentimita 30 kutoka kwake, uzime redio na feni. Sema mwanzoni mwa rekodi: tarehe, mahali, jina la anayezungumza, na namba ya picha. Kila mnapohamia picha nyingine taja namba yake kwa sauti. Ukisahau hilo, utakuwa na saa nzima ya "huyu hapa" na "yule pale" usiyoweza kuitumia.

Uliza swali lisilo na jibu ndani yake. "Huyu ni babu Masanja, siyo?" ni swali baya, mzee kwa adabu atakubali. "Huyu ni nani?" ndilo swali. Anzeni mstari wa nyuma kutoka kushoto, mmalize kwa waliokaa chini. Kila jina liandikiwe jina la baba na kijiji, kwa sababu akina Masanja na Nkwabi ni wengi, na kila anayetajwa kuwa baba au mama uliza kama ni mzazi, ni baba mdogo au ni mama mkubwa. Kisha uliza yale yasiyoonekana: nani alipiga picha, nani alilipa, walikuwa wanatoka wapi, nani wa nyumba ile hayumo na kwa nini. Kwa picha za studio uliza koti, saa na redio vilikuwa vya nani. Studio nyingi ziliazima vitu hivyo, na ni kosa la kawaida kuandika kwamba marehemu alimiliki redio kumbe ilikuwa ya mwenye studio.

Usimuulize mwaka. Muulize kabla na baada. Ilikuwa kabla ya Uhuru au baada? Kabla ya maji kupanda? Mlikuwa mmeshahamia kijijini, ile ya katikati ya miaka ya sabini? Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha? Sokoine alikuwa hai (alifariki Aprili 1984)? Ilikuwa kabla ya MV Bukoba kuzama, Mei 1996? Mwalimu alikuwa hai bado (Oktoba 1999)? Ongeza na kalenda ya familia yenyewe, ambayo ndiyo imara zaidi: nani alikuwa mgongoni, nani alikuwa tumboni. Mtoto wa mgongoni akiwa na cheti cha ubatizo, mwaka umepatikana kwa tofauti ya miezi.

Mzee wa pili umhoji kando, asisikie aliyosema wa kwanza. Baadaye, ikiwezekana, wakutanishe. Wakitofautiana, andika kauli zote mbili na nani alisema ipi. Usichague mshindi kwa sababu mmoja ni mkubwa kwa umri au ana sauti. Katika daftari tumia viwango vitatu tu: hakika, yaelekea, haijulikani. "Hakika" iandikwe pale karatasi, vitu vilivyomo pichani na kauli ya mzee vinapokubaliana.

Tuseme una picha ya mraba, yenye mpaka mweupe, mama amesimama ufukweni na nyuma yake ni kilima cha Bugando. Mzee anasema ni mwaka wa Uhuru. Karatasi ya mraba inakubali 1963 na kuendelea, na juu ya kilima lile jengo kubwa tayari limeinuka. Mzee hakudanganya, huenda alikumbuka sherehe ya kumbukumbu ya Uhuru, miaka kumi baadaye. Rudi ukamuulize upya: "Wakati huo nani alikuwa mkuu wa mkoa? Wewe ulikuwa darasa la ngapi?" Mara nyingi kauli na picha hukutana kwenye swali la pili.

Kunakili

Skana bapa ya kawaida ya ofisini inatosha kwa picha za karatasi. Pangusa kioo chake kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Zima kila kitu kinachojiita marekebisho ya otomatiki: rangi, ukali, kuondoa vumbi. Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, maana madoa ya kahawia na mwandiko wa wino wa bluu navyo ni habari. Picha kuanzia ukubwa wa kadi ya posta na zaidi zitoshe dpi (nukta kwa inchi) 600. Ndogo zaidi weka dpi 1200: picha ya sentimita sita kwa tisa hapo hutoa pikseli 2835 kwa 4252, yaani faili la TIFF (aina isiyopunguza ubora wa picha) la kama MB 36, na unaweza kuikuza hadi A4 bila kupoteza. Negativu za milimita 35 zinahitaji skana yenye taa kwenye mfuniko, na dpi 3200. Acha mpaka mdogo kuzunguka picha ili kingo zote zionekane. Skani na nyuma, daima.

Hifadhi TIFF kama faili mama usiyoigusa, kisha toa JPEG za kutuma. Picha iliyopitia WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa na kupungua. Ukitaka kumtumia ndugu yako Bukoba ile kamili, itume kama waraka.

Bila skana, simu nzuri inafaa. Weka picha juu ya kitambaa cheusi, karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, au kati ya taa mbili zinazofanana zilizoinamishwa nyuzi 45 kila upande. Zima flashi. Usiikaribie mno, pandisha simu sentimita 40 hadi 50 juu na utumie lenzi ya kukuza mara mbili, kwa sababu ile pana hupinda kingo. Ili kujua kama simu imelala sawa na meza, weka kioo kidogo cha kujitazamia pale picha itakapokaa: lenzi ya simu ikionekana katikati kabisa ya kioo kwenye skrini, uko sawa. Mng'ao ukibaki, zungusha meza, si simu.

Majina ya faili yawe mafupi na ya mpangilio mmoja: MZA-0042-mbele, MZA-0042-nyuma. Majina ya watu yasiwekwe kwenye jina la faili, yakae kwenye daftari au jedwali lenye namba hiyohiyo, kwa sababu majina husahihishwa na namba haisahihishwi. Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja nyumba nyingine au mtandaoni. Flashi diski peke yake si hifadhi.

Kutunza ile halisi

Unyevu ukipita asilimia 65 ukungu huanza kuota, na Mwanza wakati wa masika na vuli hilo hutokea bila shida. Sanduku la bati linazuia mchwa na mende (mende hula gelatini), lakini bati hutoa jasho usiku. Tandika ndani kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato, weka vifuko vya chembe za kukausha unyevu, uliinue sanduku juu ya matofali, mbali na ukuta wa nje na kamwe si darini chini ya bati linalochemka. Fungua mwezi wa Juni au Julai, siku kavu, likapate hewa kivulini.

Kila picha iwe kwenye karatasi yake nyeupe laini au kwenye mfuko wa plastiki salama. Angalia namba ndani ya pembetatu: 5 inafaa, 3 ni PVC na haifai. Bahasha za kaki zina asidi. Nafthalini usiweke. Ukitaka kuandika nyuma tumia penseli laini ya 2B, juu ya kitu kigumu, kingoni, bila kukandamiza. Kwenye karatasi ya plastiki penseli haishiki, basi andika kwenye bahasha kabla ya kuingiza picha.

Zikilowa, una siku mbili hivi. Zitenganishe zikiwa bado mbichi, ndani ya beseni la maji baridi safi. Ya ziwani yana tope, tumia ya bomba au ya chupa. Zilaze uso juu kwenye kitambaa, kivulini. Ukishindwa kuzimaliza, ziweke kwenye mfuko ndani ya friza na uzirudie baadaye. Zilizoota ukungu zikaushwe kwanza, kisha zipigwe brashi laini sana nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa.

Picha zetu zilizo mbali

Sehemu ya picha za kanda hii zilichukuliwa na wageni na ziko kwao. Chuo kikuu cha Frankfurt kina hazina ya picha za koloni la Wajerumani inayotazamika mtandaoni. Picha za Walther Dobbertin, aliyezunguka Afrika Mashariki enzi hizo, zimewekwa na hifadhi ya taifa ya Ujerumani kwenye Wikimedia Commons. Chuo cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton wa picha za Afrika Mashariki za 1860 hadi 1960. Mapadri Weupe, wale wamisionari wa Kikatoliki waliofika Bukumbi 1883, wana nyaraka zao Roma. Karibu zaidi, Makumbusho ya Wasukuma yako Bujora, Kisesa, na watu wake husaidia kutambua ngoma na mavazi ya watemi.

Unapotafuta usiandike "Mwanza" tu. Andika Muansa, Mwansa, Victoriasee (Ziwa Victoria kwa Kijerumani), na Schirati kwa Shirati. Maelezo yaliyoandikwa na wageni yachukuliwe kwa tahadhari: mara nyingi hawakuandika jina la mtu, waliandika kabila lake, na hilo nalo walikosea.

Kabla ya kuiweka hadharani

Mwenye picha aseme ndiyo, na waliomo, kama wapo hai, wajue. Picha za waliofariki ajalini, hasa MV Bukoba na MV Nyerere, zisipandishwe bila wafiwa kuridhia, hata kama zimezagaa kwenye simu. Kuna nyumba ambazo picha ya pasipoti ndiyo kitu pekee kilichobaki cha mtu wao. Picha zilizopigwa na Wajerumani, za watu waliofungwa minyororo au kunyongwa, ni za watu ambao uzao wao uko hapahapa mjini. Ziandikiwe maelezo kamili, au zisiwekwe.

Chini ya kila picha weka namba, mahali, mwaka na kiwango chake, majina kwa mpangilio, aliyeeleza na tarehe aliyoeleza, na picha halisi ilipo. Kwa mfano: "MZA-0042. Kamanga, yaelekea 1971–1973. Kutoka kushoto: haijulikani, dada wa mwenye picha (hakika), jirani (yaelekea). Imeelezwa na mwenye picha, Juni 2025. Picha halisi iko kwa familia, Igogo." Msomaji akileta marekebisho, yaongeze chini pamoja na jina lake na tarehe, na ile kauli ya kwanza iache isomeke.